Mama Gia na Safari ya Dakika Ishirini na Tano

Ukimuuliza Mama Gia ni umbali gani kutoka mji wake mpaka mji wa pili, alikuwa hajibu kwa kubahatisha. Kilomita elfu moja mia moja na themanini, kutoka geti la yadi yao mpaka geti la yadi ya kule. Alikuwa amezipita kwa miaka kumi na tisa juu ya lori la matairi ishirini na mawili, akipeleka mabati na kurudi na mbao. Siku mbili na nusu kama mpakani wameamka vizuri, siku nne kama wameamka vibaya.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye leseni tu. Hili la Gia alilipata wiki ya kwanza ya kazi. Madereva walijipanga getini na vikombe vyao vya chai, wakingoja kusikia mwanamke akisaga gia. Yeye akatoka na mzigo kamili, lori halikukohoa hata mara moja. Alipofika usawa wao alishusha kioo akawauliza kama kuna aliyefiwa, maana anaona wamekaa kimya. Tangu siku hiyo hakuna aliyemngojea tena getini, isipokuwa kwa kumsalimia.

Sasa, kabla hatujaenda mbali, kuna jambo la yadi ile inafaa ulijue. Kampuni yao ilikuwa na sheria iliyozeeka kuliko madereva wenyewe: kitabu cha safari kiandikwe kwa saa za nyumbani, uwe upande huu wa mpaka au ule. Kule ng'ambo saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kila dereva huambiwa hivyo siku ya kwanza ya kazi, na siku ya pili kila dereva husahau. Kwani saa moja ni nini kwa mtu aliyelala siku nzima kwenye foleni ya mpaka? Hata yadi ya kule saa ya ukutani ilisoma wakati wa huku. Mama Gia alikuwa na saa ya mkononi ya mkanda wa ngozi, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuigusa mishale yake ila siku ya kubadilisha betri.

Basi huyu mama alikuwa na binti mmoja tu. Bibi ndiye aliyemlea, mama akawa mtu wa kuja na kuondoka, harufu ya dizeli mlangoni na zawadi ndani ya mfuko. Siku binti alipomaliza shule ya msingi, lori lilikuwa limepasua mpira wa breki mlimani. Mahafali ya chuo, mama alifika watu wameshakunja viti na mpiga picha anakunja miguu ya kamera. Siku wakwe walipokuja kujitambulisha, alikuwa mpakani, wa mia na kumi kwenye foleni, akisikiliza vicheko vyao kwa simu mpaka chaji ikaisha. Hakuna siku hata moja kati ya hizo aliyokuwa amekaa kizembe. Lakini mtoto hakui kwa kupewa sababu, anakua kwa kuonwa.

Binti akapata kazi katika mji ule wa pili, akapata na mchumba huko huko, kijana mpima ardhi, mpole, mwenye kupenda kuhesabu vitu. Wakapanga ndoa yao kwa msajili, siku ya Ijumaa. Siku alipompigia mama yake kumweleza, hakulia wala hakulaumu. Alisema taratibu kama mtu aliyelifanyia mazoezi neno lake.

"Mama, kila mara nimekuwekea kiti, na kila mara nimekaa na kiti. Safari hii si kiti. Kwenye cheti kuna mstari wa shahidi, nimeuacha wako. Saa nne asubuhi tunaitwa. Msajili hangoji mtu, ana ndoa tisa siku hiyo. Usipofika atamwita yeyote anayepita koridoni aweke sahihi, na hilo jina nitakaa nalo maisha yangu yote."

Mama Gia alisema atafika. Kisha akakaa kwenye ngazi ya lori lake akaangalia mikono yake. Bosi alikuwa amempa Ijumaa moja tu. Jumamosi alfajiri mabati yalikuwa yanamngoja. Kwa barabara, Ijumaa moja haitoshi hata kufika mizani ya pili.

Ndipo wale wachumba wakamtumia tiketi ya ndege kwenye simu ya karani wa yadi, kwa sababu simu ya Mama Gia ilikuwa ya vitufe na hata saa iliyo ndani ya simu hiyo ilikuwa imegoma tangu mwaka juzi. Karani akaichapa karatasi, akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Halafu akatoka nje nayo kama mtu aliyebeba yai.

Tiketi ilisema ndege inaondoka saa mbili kamili asubuhi na kufika saa mbili na dakika ishirini na tano.

Yadi nzima ilisimama. Karani akatoa, akapata dakika ishirini na tano; akatoa tena kwa kalamu nyekundu, akapata zile zile. Mmoja akauliza je, kurudi? Kurudi kulikuwa jioni: kuondoka saa kumi na mbili, kufika saa mbili na dakika ishirini na tano usiku. Saa mbili na zaidi. Fundi wa breki, ambaye hakuwahi kukosa maelezo ya jambo lolote, akasema hilo liko wazi: kwenda ndege inateremka, kurudi inapanda.

Wewe msomaji pengine umeshang'amua mzee karani amekosea wapi. Nyamaza kidogo, usimwambie mtu.

Pakawa na ubishi wa umbali pia. Mama Gia alishika elfu moja mia moja na themanini zake. Karani akasema mkwe mpima ardhi ameandika chini ya tiketi kwamba kwa mstari ulionyooka ni kilomita mia sita na tisini tu. Madereva wakachukia, kama watu walioambiwa nusu ya kazi yao haikuwepo. Mia nne na tisini zimeenda wapi? Fundi akachora chini kwa bisibisi: huu hapa mlima, barabara inauzunguka, hili hapa ziwa, barabara inalizunguka, huyu hapa mheshimiwa fulani wa zamani, barabara ilipita kwao kwanza. Ndege haina mlima, haina ziwa, haina mheshimiwa.

"Haya, mia sita na tisini kwa dakika ishirini na tano," akasema dereva mmoja mwenye hesabu, akipiga kikokotozi cha simu. "Ni kilomita elfu moja mia sita hamsini na sita kwa saa. Dada, ukifika huko uangalie kama nyusi unazo."

Mama Gia akamjibu kwamba yeye lori lake likifika themanini linaanza kusali, kwa hiyo heri mara moja katika maisha akimbizwe na chombo chenye imani. Watu wakacheka. Lakini usiku ule hakula vizuri. Alipiga pasi gauni lake la bluu mara mbili. Mwilini alikuwa na mchecheto wa mtoto anayepelekwa shule mara ya kwanza, na chini ya ule mchecheto sauti moja ilikuwa inamwambia: kila barabara imekuangusha siku kama hizi.

Ijumaa alifika kiwanja cha ndege kukiwa bado na giza, wa kwanza kwenye mstari. Alikuwa na pochi tu. Alipopita ukaguzi saa yake ya mkononi ikawekwa kwenye sinia, naye akaisindikiza kwa macho mpaka ikatoka upande wa pili. Walimpa kiti cha dirishani, safu ya tatu. Pembeni yake alikaa bwana mmoja mnene mwenye suti ya kijivu, fundi cherehani aliyekuwa anakwenda kupima vipimo vya sare za hoteli, na ambaye naye hakuwahi kupanda ndege. Yeye alikuwa amefumba macho kabla hata mlango haujafungwa.

Ndege ikaanza kukimbia. Mama Gia akasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Akamwambia yule bwana kwamba inavuta vizuri, haina kelele ya ziada, asiogope. Halafu pua ikainuka, na mguu wake wa kushoto ukakanyaga sakafu kutafuta klachi.

Akachungulia dirishani. Yadi yao ile pale, kipande cha biskuti. Geti lile. Na kutoka getini barabara yake ikatoka, nyembamba, imenyooka, ikipinda, ikinyooka, kama uzi uliodondoka kwenye mkeka.

"Bwana, fungua macho," akamwambia fundi cherehani. "Ile ndiyo ofisi yangu."

Yule bwana akafungua jicho moja. Na Mama Gia akaanza kumwonyesha, kidole kikiwa kwenye kioo. Pale ni mizani, pale wamewahi kumlaza siku mbili kwa kilo arobaini za ziada. Ule mlima una kona arobaini na moja. Akiwa na mzigo anaupanda kwa gia ya kwanza saa tatu nzima, na kona ya thelathini na sita ndipo mpira wa breki ulipopasuka siku ile. Alianza kueleza ya mpira, akafungua na biskuti aliyopewa, na kabla hajaimaliza mlima ulikuwa umeshapita chini ya bawa. Akageuza shingo kuutafuta. Saa tatu zake, zimekwenda na biskuti moja.

Akacheka peke yake mpaka abiria wa mbele akageuka. Ilikuwa furaha ambayo hakuitegemea: miaka kumi na tisa imetandikwa chini kama kitambaa, na yeye amekaa juu anaiona yote kwa pamoja. Fundi cherehani sasa alikuwa na macho yote mawili wazi, amemwegemea kabisa, akiuliza na pale je, na kule je. Wakafika ziwa. Barabara ikalikimbia kwa kulizunguka, ndege ikapita katikati bila kuaga. Mama Gia akasema zile kilomita mia nne na tisini zilizopotea amezipata, ziko kando ya ziwa hapo, atamwambia fundi wa breki.

Akatazama saa. Saa mbili na nusu. Dakika ishirini na tano zimepita, na tano za ziada, na chini hakuna mji wowote. Akamwita mhudumu wa ndege aliyekuwa anapita na birika, akamwonyesha karatasi yake. Mhudumu, chai ikimtikisikia mkononi, akamwambia kwa upole kwamba safari hii siku zote ni saa moja na dakika ishirini na tano, hawajachelewa, akaenda kumwokoa abiria wa nyuma aliyemwagikiwa.

Basi tiketi ilichapwa vibaya. Mama Gia akapiga hesabu kwa vidole: atatua saa tatu na dakika ishirini na tano. Saa nne ndoa. Dakika thelathini na tano za kutoka ndani ya ndege, kugonga muhuri, kutafuta teksi na kuvuka mji. Kwa lori asingeweza. Kwa miguu yake mwenyewe, labda.

Chini ulipita mpaka. Malori yalikuwa yamepangana kama punje za ufuta. Siku nyingine angewahesabu wenzake, angewaonea huruma na kuwacheka kidogo. Leo alipitisha macho tu. Alikuwa ameshavua mkanda moyoni.

Ndege ilipoanza kushuka, rubani alitangaza mambo ya hali ya hewa na saa za mji wanaofikia. Watu wengi wakarekebisha saa zao. Mama Gia hakusikia hata neno, kwa sababu alikuwa ameinama kichwa chini ya kiti cha mbele akitafuta kiatu chake cha kushoto. Magurudumu yalipogusa lami, saa yake ilisema saa tatu na dakika ishirini na nne. Akasema, sawa, dereva anajua kazi yake, na mlango ulipofunguliwa yeye alikuwa wa pili kutoka. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, aliyemfungulia njia kwa tumbo lake na kumwombea heri.

Alikimbia. Mama wa miaka hamsini na mbili, gauni la bluu limekusanywa mkononi, pochi kwapani, akipita watu kama anayepita magari mabovu mlimani. Laini ya simu ya upande huu ilikuwa imebaki kwenye kabati la lori, kwa hiyo hakuwa na namna ya kumwambia binti avute muda. Muhuri ukagongwa. Alipoingia kwenye teksi saa yake ilikuwa saa nne kasoro kumi.

Akamweleza dereva: ofisi ya msajili wa ndoa, mwanangu anaolewa saa nne, mimi ni shahidi.

"Usijali mama, tutafika mapema," akasema yule dereva, na akasubiri taa ya kijani bila wasiwasi wowote.

Mama Gia alijua uongo wa madereva, maana ameusema mwenyewe kwa wenye mizigo mara nyingi mno. Saa ya kwenye dashibodi ilikuwa inaonyesha saa tatu kasoro kumi, akaona ni ile hali ya magari yote makuukuu, saa imekufa na redio inaimba. Akamwelekeza apite kulia, apite kushoto, amfuate yule wa manjano. Dereva akatii nusu na nusu akacheka. Wakaingia kwenye msongamano. Wakasimama. Na hapo, nyuma ya gari la kubeba magodoro, Mama Gia aliona mshale mkubwa wa saa yake ukifika kumi na mbili na kuipita.

Saa nne.

Hakusema tena pita hapa. Alilaza mikono mapajani. Dereva akamtazama kwenye kioo, akamuuliza mbona amenyamaza, si wako vizuri tu. Mama Gia akaona kama anakejeliwa, akageuza uso dirishani. Alikuwa anamfikiria mtu anayepita koridoni, asiyemjua mwanawe hata kwa sura, anaazimwa kalamu.

Alipofika na kupanda zile ngazi ilikuwa saa nne na robo. Koridoni kulikuwa na benchi refu la mbao, mlango wa kahawia uliofungwa, na mwanamke wa makamo anapiga deki. Hakukuwa na maua. Hakukuwa na watu. Wameshaondoka, akajua. Akakaa kwenye benchi, akaweka pochi pembeni yake, na machozi yakaanza bila sauti.

Yule mpiga deki akasogeza ndoo, akamtazama.

"Mama mwenzangu, unalia kabla hata hawajaoana? Wa kwanza leo ni saa nne."

"Saa nne imepita, dada yangu."

"Imepita wapi?" Akaelekeza ukutani kwa fimbo ya deki.

Juu ya mlango wa kahawia palikuwa na saa kubwa ya duara. Saa tatu na dakika kumi na sita. Mama Gia akatazama ukutani, akatazama mkononi, akatazama ukutani. Na lile neno la saa za ng'ambo aliloambiwa siku ya kwanza ya kazi, miaka kumi na tisa nyuma, likamrudia lote kwa mara moja, pamoja na karani na kalamu yake nyekundu, na fundi wa breki na ndege inayoteremka.

Alianza kucheka machozi yakiwa bado yanatoka. Akamweleza yule mama, akicheka, kwamba amepita hapa mara mia tatu na zaidi na hajawahi kupewa hii saa moja. Ilikuwa inaliwa mpakani, kila mara, kabla haijamfikia. Mpiga deki hakuelewa lolote, lakini kicheko ni kitu cha kuambukizana. Akaegemea fimbo yake naye akacheka mpaka akajifuta kwa kanga. Kisha akampa kitambaa safi, akamwambia ajipanguse, mama wa bibi harusi hawi hivyo.

Akangoja. Nakwambia, Mama Gia alikuwa hajawahi kungoja mtu. Amewahi kungoja foleni, muhuri, mvua, vipuri; mtu, hapana. Siku zote yeye ndiye aliyengojwa. Akaona kumbe ni kazi: unasikiliza kila kiatu kwenye ngazi, unanyoosha gauni, unachungulia, unakaa, unachungulia tena. Akafikiri juu ya mtoto mdogo aliyeifanya kazi hii miaka mingi.

Saa ya ukutani ilipofika saa nne kasoro kumi, viatu vingi vikapanda ngazi kwa pamoja. Mpima ardhi alikuwa mbele na tai yake imepinda, ndugu zake nyuma, na katikati binti, gauni jeupe limeshikwa juu ya vifundo, simu sikioni, uso umekaza. Alikuwa anasema na mtu kwamba ameipiga ile namba mara saba haipatikani, kwamba ndege ilishatua, kwamba pengine wamemzuia, kwamba basi, haya, ndivyo ilivyo.

Akafika juu. Akaona benchi. Akaiteremsha simu polepole.

Mama yake alikuwa amekaa pale mwisho, gauni la bluu limenyooka, na kwenye nafasi ya pembeni yake ameweka pochi ili mtu mwingine asikae. Akaiondoa pochi, akapangusa benchi kwa kiganja.

"Njoo ukae," akamwambia. "Nimekuwekea kiti."